Muamala Unapojieleza: Sura ya Maandishi ya Aina za Data

Kila lugha ya programu huja na aina chache za data zilizo tayari, yaani namba kamili, namba za desimali, thamani za kweli na si kweli, pamoja na mfuatano wa herufi unaohifadhi maneno, na kila moja kati ya aina hizo ina namna inayofahamika ya kuonekana kwenye skrini: 750 huandikwa 750, na omena huandikwa omena, wala hakuna anayeuliza kwa nini. Mambo hubadilika pale mwanaprogramu anapobuni aina yake mwenyewe, kwa kukusanya thamani kadhaa chini ya jina moja ili zishughulikiwe kama kitu kimoja. Aina ya namna hii itaitwa hapa aina ya kubuni, na kila thamani iliyomo ndani yake itaitwa uga. Mauzo ya omena, yaani dagaa, katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, yana bidhaa, kipimo, idadi ya vipimo, bei ya kipimo kimoja, saa ya kuuza na njia ya malipo. Kompyuta haioni taabu kuyashika mambo hayo sita pamoja, lakini ikiamriwa kuyaandika mbele ya macho ya mtu hukwama, kwa sababu ndani ya nyuga zenyewe hakuna kinachosema upi utangulie, upi uachwe na upi ufichwe.

Kazi ya kuamua hayo huahirishwa mara nyingi hadi siku ya mwisho, ikahesabiwa kuwa pambo linalosubiri kazi halisi ikamilike. Mhadhara huu unatetea msimamo mwingine, kwamba sura ya maandishi ya aina ya kubuni ni uamuzi kuhusu msomaji, na kwamba sura hiyo ikishatoka nje ya programu huwa ahadi, kwa kuwa watu na programu nyingine huanza kuiegemea kwa namna ambazo mbunifu hakuzikusudia. Kibuye inafaa kuwa mfano kwa sababu ya wazi. Soko hilo lisilo na paa, lililo kando ya Barabara Kuu ya Jomo Kenyatta na linalofurika zaidi siku ya Jumapili, limejaa wauza mitumba, mafundi wa bati, wauza nafaka na wauza samaki ambao husoma sura ya maandishi ya aina ya data mara nyingi kwa siku, kila wanapopokea meseji ya M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, na huamua kumkabidhi mteja bidhaa au kumzuia kwa kutegemea maandishi hayo.

Inafaa kwanza kutazama lugha zenyewe hufanya nini mwanaprogramu asiposema lolote. Katika lugha ya C, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, funksheni ya printf huandika namba na herufi lakini haijui chochote kuhusu aina ya kubuni, hivyo kila uga huandikwa kwa mkono. Java, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996, ilikipa kila kitu funksheni iitwayo toString, lakini jibu lake la awali ni jina la aina, alama ya @, na namba ya utambulisho iliyoandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16. Aina iitwayo Mauzo hujitokeza kama Mauzo@1b6d3586, maandishi yasiyomsaidia muuzaji wala fundi. Python hutoa jina la aina pamoja na anwani yake katika kumbukumbu ya mashine, na JavaScript hujibu kwa maneno [object Object], ambayo yamewahi kuonekana hata kwenye kurasa zilizokusudiwa wateja. Joshua Bloch, mmoja wa wabunifu wa maktaba za Java, aliandika katika kitabu chake Effective Java cha mwaka 2001 kwamba kila aina ya kubuni ipewe toString yake yenyewe, na ushauri huo, ingawa ni wa kweli, unaacha wazi swali zito zaidi: maandishi hayo yaandikwe kwa ajili ya nani?

Swali hilo lilipata jibu la mapema katika Smalltalk, lugha iliyotokana na maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, ambayo ilitenganisha maandishi ya kuonyesha kitu na maandishi ya kukichapa kwa ajili ya anayekichunguza. Lugha zilizofuata zilirithi mgawanyo huo kwa majina mbalimbali. Ruby ina to_s na inspect; Python ina __str__ na __repr__; Swift ina makubaliano mawili yanayojitegemea; Go hutambua aina yoyote yenye funksheni ya String, na kwa fundi huongeza alama za kuagiza maandishi yenye majina ya nyuga. Ya kwanza kati ya sura hizo mbili itaitwa hapa sura ya mteja, kwa kuwa ni ya mtu anayetaka kujua jambo lenyewe kwa ufupi, na ya pili itaitwa sura ya fundi, kwa kuwa ni ya mtu anayetafuta kosa na anayehitaji kuona kila kitu kilichomo ndani, hata kile kinachochosha macho.

Tofauti hiyo si ya urefu peke yake. Kwa Python, desturi ni kwamba sura ya fundi ifanane, inapowezekana, na msimbo ambao ukiandikwa tena ungeunda kitu kilekile, kwa hiyo nyuga nne za kwanza za mauzo yaliyotajwa hapo juu zingeonekana hivi: Mauzo(bidhaa='omena', kipimo='gorogoro', idadi=3, bei=Decimal('250.00')). Fundi anayesoma mstari huo anagundua mara moja kwamba idadi ni namba kamili, kwamba bei ni desimali halisi na si mfuatano wa herufi unaofanana na namba, na kwamba jina la bidhaa halina nafasi iliyojificha mwishoni, kosa dogo ambalo katika sura ya mteja halionekani kabisa lakini hufanya utafutaji wa neno omena urudi mikono mitupu. Alama za nukuu zinazomkera msomaji wa kawaida ndizo hasa zinazomwonyesha fundi mahali herufi zinapoanzia na zinapoishia. Sura ya mteja ya mauzo yaleyale ingesema tu kwamba gorogoro 3 za omena ziliuzwa kwa Sh 750, na ingekuwa imetosha.

Katika kugawa sura hizo mbili, Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2015, imechukua hatua yenye busara kuliko nyingine zote. Kompaila yake, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, inakubali kuitengeneza yenyewe sura ya fundi kwa amri ya neno moja, lakini inakataa kata kata kuibuni sura ya mteja. Mwanaprogramu asiyeiandika hataweza kukichapa kitu chake kwa njia ya kawaida, na programu haitakubali hata kujengwa. Sababu ni kwamba orodha ya nyuga na thamani zake ni jambo ambalo mashine inalijua kikamilifu, ilhali mpangilio wa kumfaa mtu hauwezi kukisiwa. Java na Python zimeelekea njia inayokaribiana kwa upande wa fundi: Python 3.7 ya mwaka 2018 ilileta aina za data zinazojiandikia __repr__, na Java 16 ya Machi 2021 ilikamilisha aina ziitwazo rekodi ambazo hujiandikia toString yenye majina ya nyuga. Wanaojifunza Python hukutana mapema na fumbo moja linalotokana na mgawanyo huu, kwamba orodha inapochapwa hutumia sura ya fundi ya kila kilichomo ndani yake, hivyo aliyeandika __str__ pekee hushangaa kuona anwani za kumbukumbu zikirudi. Kama ni lazima kuandika moja tu, basi iandikwe __repr__, maana Python huitumia pia mahali pa ile isiyokuwapo.

Mfano mkubwa zaidi wa sura ya mteja katika Kenya ulianza Machi 2007, kampuni ya simu ya Safaricom ilipozindua M-Pesa. Muamala, kwa macho ya mwanaprogramu, ni aina ya kubuni yenye nyuga nyingi: msimbo wa utambulisho, aliyetuma, aliyepokea, kiasi, wakati, ada, salio jipya, na mengine ya ndani ambayo mteja hayaoni. Kati ya hayo yote ilibidi itoke sentensi moja au mbili zinazoweza kusomwa kwenye simu ndogo ya bei nafuu, nazo zilipangwa kwa utaratibu ambao Wakenya wengi sasa wanaufahamu bila kufundishwa: msimbo wenye herufi na tarakimu 10 hutangulia, hufuata neno la kuthibitisha, kisha kiasi, jina, tarehe na saa, halafu salio na gharama. Mpangilio huo una akili zaidi ya unavyoonekana. Msimbo uko mwanzoni kwa sababu ndio pekee usiojirudia, na anayelalamika kuhusu muamala wake huombwa msimbo kabla ya kuombwa kitu kingine chochote, ilhali salio liko mbali na kiasi ili jicho la mwenye haraka lisizichanganye namba hizo mbili.

Ufupi wenyewe haukuwa hiari. Ujumbe mfupi wa simu, uliobuniwa Ulaya katika miaka ya 1980, una nafasi ya baiti 140, na kwa kuwa alfabeti ya kawaida ya mitambo ya GSM hutumia biti 7 kwa kila herufi, nafasi hiyo inatosha herufi 160. Herufi moja tu isiyo katika alfabeti hiyo ikiingia, ujumbe wote hulazimika kuandikwa kwa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka hadi 70. Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa herufi zake zote zimo, lakini kuna mtego usiotarajiwa katika kibainishi cha ng', kinachotumika pia katika maandishi ya Kidholuo: kibainishi kilichonyooka kimo katika alfabeti ya GSM, ila kile kilichopinda, ambacho programu za kuandikia hukiweka zenyewe kwa kudhani zinarekebisha, hakimo. Mwanaprogramu wa Kisumu anayewatumia wafugaji ujumbe kuhusu bei ya ng'ombe, akiwa amenakili maneno yake kutoka kwenye waraka uliorekebishwa hivyo, anaweza kulipia jumbe mbili au tatu mahali pa mmoja bila kuona tofauti yoyote kwenye skrini.

Sura ya mteja ina udhaifu mmoja usioondoka, nao ni kwamba maandishi yanayosomeka kwa urahisi huigwa kwa urahisi. Matapeli nchini Kenya wamekuwa wakitumia namba za kawaida kuwapelekea wauzaji ujumbe unaofanana herufi kwa herufi na wa M-Pesa, kisha kuondoka na bidhaa, na wauzaji wazoefu wamejibu kwa kuacha kuyaamini maneno na kutazama kwanza jina la mtumaji, kisha kuulinganisha ujumbe na salio la awali. Wauzaji hao wamefikia, kwa njia ya hasara, kanuni ambayo vitabu vya programu huieleza kwa namna baridi zaidi: maandishi ya kitu si kitu chenyewe, na programu inayoruhusu muamala kwa sababu imeona maneno yanayofanana nao imekosea mahali pa kutafuta ushahidi.

Kinyume chake kimetokea pia, yaani sura iliyoandikiwa watu kuanza kusomwa na mashine, na hapa ndipo ahadi iliyotajwa mwanzoni inapodhihirika. Kampuni za mikopo kwa simu zilizoingia Kenya kuanzia mwaka 2014, zikiwemo Tala, iliyoanza kwa jina la Mkopo Rahisi, na Branch, ziliomba ruhusa ya kusoma jumbe zilizomo katika simu ya mkopaji ili zipime mapato na matumizi yake, na jumbe za M-Pesa zilikuwa kiini cha vipimo hivyo. Programu ya namna hiyo hukata sentensi vipande vipande, ikitafuta herufi Ksh ili ipate kiasi, ikitafuta neno fulani ili ijue kama fedha zimeingia au zimetoka. Kuanzia hapo koma na nukta za ujumbe huo hazikuwa tena mali ya aliyeuandika peke yake. Hyrum Wright, mhandisi wa programu, ana kanuni inayobeba jina lake isemayo kwa maana kwamba watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia inayoonekana ya mfumo itategemewa na mtu fulani, hata ile ambayo haikuahidiwa popote, na ni vigumu kupata kielelezo bora cha kanuni hiyo kuliko meseji ambayo kuongeza ndani yake neno moja la adabu kungeweza kuharibu hesabu za mikopo ya watu wasiojulikana. Oktoba 2018 Google ilitangaza kubana ruhusa ya programu za Android kusoma jumbe, na mlango huo ukawa mwembamba.

Dawa ya hali hiyo ni kuipa mashine mlango wake. Safaricom ilifungua mwaka 2017 mfumo uitwao Daraja, ambamo programu ya mfanyabiashara hupokea muamala ukiwa na nyuga zilizotajwa kwa majina, bila sentensi. Kulinganisha milango hiyo miwili kunafundisha zaidi ya maelezo marefu. Katika ujumbe wa mteja, wakati huandikwa kwa mtindo wa 5/6/23 na saa ya 12, jambo lisilomsumbua Mkenya anayejua kuwa siku hutangulia mwezi, ingawa Mmarekani angesoma tarehe nyingine kabisa. Katika maombi ya malipo ya Daraja wakati huandikwa kwa tarakimu 14 zilizoshikana, mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, maandishi mabaya kwa jicho lakini yenye sifa mbili zinazohitajika na mashine: hayana tafsiri ya pili, na yakipangwa kwa utaratibu wa herufi hujipanga pia kwa utaratibu wa wakati. Namba ya simu nayo, ambayo muuzaji huiandika ikianza na 07 au 01, huko huandikwa ikianza na 254. Ni data ileile yenye sura mbili, na hakuna sura iliyo bora kuliko nyingine hadi itajwe ni nani anayesoma.

Msomaji wa Kiswahili anaongeza mzigo ambao wabunifu wengi wa lugha za programu hawakuufikiria. Programu iliyoandikwa kwa Kiingereza huunda wingi kwa kubandika herufi moja mwishoni mwa jina, na zana za tafsiri hujitahidi kuhudumia lugha nyingine kwa kuzigawia makundi ya hesabu; hazina ya CLDR inayotunzwa na shirika la Unicode, ambayo huhifadhi desturi za lugha za dunia, imeipa Kiswahili makundi mawili, moja na zaidi ya moja. Mgawanyo huo ni sahihi ila hautoshi, kwa kuwa kinachobadilika katika Kiswahili ni mwanzo wa jina, pamoja na kitenzi, kivumishi na hata namba yenyewe inayolifuata. Gunia 1 limeuzwa, magunia 3 yameuzwa. Mfuko 1 umeuzwa, mifuko 3 imeuzwa. Kikapu 1 kimeuzwa, vikapu 3 vimeuzwa. Na ngege 3 wameuzwa, kwa maana samaki hata akiisha kukaangwa haondolewi katika ngeli ya viumbe hai. Namba zikiandikwa kwa maneno, moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupokea viambishi vya ngeli, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazipokei. Inafuata kwamba aina ya Kipimo katika programu ya soko inapaswa kubeba uga wa ngeli, sawa na inavyobeba jina, ili sura ya mteja itungwe kwa usahihi. Asiyetaka taabu hiyo anaweza kuandika kwa mtindo wa stakabadhi, Magunia: 3, ambao haudai kitenzi, na huo ni ujanja halali unaotumiwa na mashine nyingi za risiti.

Saa nayo inadai funksheni yake. Mitambo huhifadhi wakati kwa saa 24 zinazoanza usiku wa manane, ilhali msemaji wa Kiswahili huhesabu kuanzia mapambazuko na machweo, hivyo 13:00 ni saa saba mchana na 19:42 ni saa moja na dakika 42 usiku. Hesabu yenyewe ni nyepesi: namba ya saa huongezwa 6, hugawanywa kwa 12, na baki ndilo jibu, isipokuwa baki likiwa sifuri huandikwa kumi na mbili. Ugumu uko katika kuchagua kati ya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, kwa kuwa mipaka yake huamuliwa na desturi. Lililo muhimu ni mahali hesabu hiyo inapofanyika. Ikifanyika ndani ya sura ya mteja pekee, data iliyohifadhiwa hubaki safi. Ikifanyika mapema, wakati wa kuhifadhi, kutatokea siku ambapo mauzo ya saa saba yatasomwa na programu nyingine kuwa ya asubuhi, na hakuna ukaguzi utakaoweza kuyatofautisha.

Fedha huleta mtego wa namna hiyohiyo. Mauzo ya Sh 750 katika risiti za mkono za Kibuye huandikwa 750/=, alama iliyosalia kutoka desturi ya Waingereza ya kutenga shilingi na peni kwa mkwaju, iliyokuja na shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921 na kuendelea baada ya Kenya kutoa shilingi yake mwaka 1966. Msomaji wa Kisumu huona katika 1.500 moja na nusu, lakini msomaji wa Kiswahili aliyeko Bukavu au Goma, nchini Kongo, ambako nukta hutenga maelfu na koma hutenga desimali kwa urithi wa Kibelgiji, huona elfu moja na mia tano. Kwa sababu hiyo sura ya mteja inapaswa kupokea taarifa ya mahali kama kigezo, na sura ya fundi haipaswi kuipokea kamwe, maana daftari la matukio, ambalo mafundi huliita logi, litasomwa na watu wa miji mingi na haliwezi kubadili maana ya nukta kwa kufuata mpangilio wa kompyuta ya aliyeliandika.

Kuhusu mitego midogo ya kiufundi itoshe kutaja mmoja, kwa kuwa mingine hugunduliwa siku ya kwanza. Katika Go, funksheni ya String inayoomba kifaa cha uchapaji kiandike kitu chenyewe kwa ujumla, mahali pa kutaja nyuga zake, hukirudishia kifaa hicho kazi ileile, nacho huiita tena String, na mzunguko huo hauishi hadi programu ianguke. Mfano wake katika C++, ambako aina ya kubuni hupewa sura kwa kuifundisha alama ya << au, tangu mwaka 2020, kwa kuiandalia kifomati cha std::format, hutokea mara chache zaidi, lakini asili yake ni moja, kwamba kitu kimeulizwa kijieleze nacho kikajibu kwa kurudia swali.

Linalobaki ni zito kuliko hayo yote, nalo ni nyuga zisizopaswa kuonekana. Sura ya fundi inayojiandikia yenyewe huchukua kila uga bila kubagua, ikiwemo namba ya siri, namba ya kitambulisho na namba ya simu, kisha hukaa katika logi ambazo husomwa na watu wengi na kunakiliwa mara nyingi kuliko hifadhidata yenyewe. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake zaidi ya milioni 300 wafikirie kubadilisha manenosiri, baada ya kugundua kwamba yalikuwa yakiandikwa katika logi ya ndani kabla ya kufichwa, na Machi 2019 Facebook ilikiri kosa la aina hiyo kwa mamia ya mamilioni ya akaunti. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu asitumie zaidi ya zinazohitajika, na hakuna sababu ya kudhani kwamba logi imesamehewa. Njia za kuzuia zipo na ni rahisi: Python huruhusu uga mmoja mmoja kuondolewa katika __repr__ ya aina ya data, na Kotlin, inayotumika sana katika programu za Android, huingiza katika toString ya aina zake za data nyuga zilizotajwa mwanzoni mwa aina tu. Njia imara zaidi ni kuipa siri aina yake ya kubuni, iitwe NambaYaSiri, ambayo sura zake zote mbili ni nyota tupu, ili popote itakapobebwa, ndani ya orodha au ndani ya aina nyingine, isiweze kujitaja kwa bahati mbaya.

Ufichaji wa namna hiyo una gharama kwa upande wa pili, na Kibuye inaionyesha vizuri. Miaka ya karibuni, malipo yanayoingia kwa wafanyabiashara kupitia M-Pesa yameanza kuonyesha namba ya mteja ikiwa sehemu yake ya kati imezibwa kwa nyota. Mnunuzi amepata nafuu, kwa kuwa kununua shati la mtumba hakumwachii muuzaji namba ya kumtumia matangazo asiyoyaomba. Muuzaji naye, ambaye aliitumia namba hiyohiyo kumpigia mteja aliyelipa zaidi au aliyesahau mzigo, ameipoteza njia yake ya kumfikia. Aliyeandika sura hiyo alilazimika kumpendelea mmoja, na upendeleo wake unaweza kutetewa, hasa kwa kuwa uga mmoja umeachwa wazi katika ujumbe wa pande zote mbili, nao ni ule msimbo wa herufi na tarakimu 10, unaomtosha mteja kuomba fedha zake zirudishwe na unaomtosha muuzaji kuthibitisha ni malipo yapi yanayozungumziwa, bila hata mmoja wao kuhitaji namba ya mwenzake.